Upawa, kata na kichujio cha kifuu: tazama matundu kwanza

Upawa mpya ukiwa umetundikwa dukani, jicho huvutwa na mng'aro: kifuu cheusi kilichosuguliwa, mpini ulionyooka, pengine na nakshi ya samaki au mnazi. Mng'aro huo haukuambii lolote. Ugeuze upawa utazame pale mpini unapoingilia kifuu. Ukija kuvunjika, utavunjikia hapo. Ukija kulegea, utalegea hapo. Na ukianza kunuka tui lililochacha, harufu itatoka hapo hapo. Kifuu chenyewe ni kigumu na hudumu miaka. Kinachoharibika upesi ni kifuu kilichotobolewa vibaya.

Vyombo tunavyovipima hapa ni vitatu. Upawa wa kupakulia mchuzi na uji, kata ya kuchotea maji mtungini, na upawa wa matundu ambao wengine huuita kichujio cha kifuu. Viwili vya kwanza ni vya zamani sana katika majiko ya pwani. Cha tatu siku hizi kinaonekana zaidi kwenye maduka ya watalii na kwenye maduka ya mtandaoni Ulaya, pamoja na bakuli za kifuu zinazotoka Vietnam, Indonesia na Sri Lanka.

Tuanze na kifuu, maana si kila kifuu kinafaa kutobolewa. Kinachofaa ni cha nazi iliyokomaa mtini, yaani karibu miezi kumi na miwili tangu ua. Kifuu cha dafu ni chembamba na kingali na maji ndani ya nyama yake. Kikikauka hujikunja, na tundu lililokuwa duara huwa yai. Cha koroma ni hatari zaidi kwa sababu kinafanana na kilichokomaa. Kipime kwa rangi ya ukingo pale kilipokatwa: kilichokomaa ni kahawia iliyoiva, karibu na nyeusi, kutoka nje hadi ndani. Ukiona ukingo una utepe wa rangi ya maziwa ndani yake, hicho ni koroma, kirudishe. Unene unaotakiwa ni milimita 3 hadi 5. Chini ya hapo mpini hauna cha kushika.

Kila kifuu kina mishono mitatu inayoshuka kutoka kwenye macho hadi upande wa pili, kwa kuwa ua la mnazi lina vyumba vitatu na kila chumba kimeacha jicho lake. Macho mawili yamefunga na ni magumu kama kifuu chenyewe. La tatu ni laini, nalo ndilo chipukizi hutokea. Msumari mmoja hulitoboa, ndiyo maana watu hutolea maji ya nazi hapo kabla ya kuivunja. Kulitambua, tafuta jicho lililo kwenye nafasi pana kuliko zote kati ya mishono. Mambo mawili yanafuata kwa mnunuzi. Kwanza, chombo cha kushika kitu cha majimaji kitoke nusu isiyo na macho. Wapo wanaoziba jicho laini kwa gundi na vumbi la kifuu kisha wakapiga vanishi juu yake. Mchuzi wa moto ukiingia mara kumi, kizibo hutoka na kuzama chunguni. Pili, ufa katika kifuu hupenda kufuata mshono. Tundu la mpini likikaa juu ya mshono, fundi amekwishauanzisha ufa kwa mkono wake.

Sasa upawa wa mchuzi. Kipande kizuri kina upana wa sentimita 9 au 10 na kina cha sentimita 2.5 hadi 3, kinachobeba mililita mia moja hivi, kiasi kinachotosha kumwagia sahani ya wali mara moja. Kikiwa na kina zaidi ya hapo, huwezi kufika pembeni mwa sufuria wala chini ya chungu. Mpini uwe na urefu wa sentimita 30 hivi kwa sufuria ya nyumbani.

Namna za kufunga mpini ziko tatu sokoni. Ya zamani ni matundu mawili upande mmoja wa kifuu: mpini huingia kwa tundu la kwanza, hupita ndani kidogo, hutokea la pili, na hujibana wenyewe bila msumari wala gundi. Ya pili ni mpini uliopasuliwa ncha, ukauuma ukingo wa kifuu, kisha kijiti au pini ya shaba ikapita kwenye tundu dogo. Ya tatu ni skrubu na gundi.

Kwa matumizi ya kila siku tunaipendelea ya kwanza, na sababu ni maji. Mti mkavu ukilowa huvimba, ukikauka hunywea. Mpini wa kubana ukiwa umechongwa kutoka mti mkavu na kupunguzwa kidogo kidogo kuelekea ncha, kila unapolowa hujikaza, na ukija kulegea unaugongagonga kidogo kwa mwiko ukakaza tena. Skrubu haina huruma hiyo. Mti unanywea, skrubu inabaki ilivyo, nafasi inapatikana, na kila unapokoroga skrubu inalitafuna tundu. Gundi nayo haipendi mvuke wa chungu. Namna ya pili ni nzuri ikiwa pini ni ya shaba na imepondwa vichwa pande zote mbili. Ikiwa ni waya wa kawaida, utaona kutu ya rangi ya chungwa ukizunguka tundu baada ya wiki chache.

Kosa la kawaida katika upawa wa kubana ni fundi aliyechonga mpini kwa mti mbichi kwa sababu mbichi ni laini kwenye kisu. Dukani umekaza vizuri kabisa. Nyumbani, baada ya wiki mbili za upepo, unazunguka kama kitasa. Kosa la pili ni kinyume chake: mpini mkavu uliopigwa nyundo hadi ukajaa tundu lote, bila kuachiwa nafasi ya kuvimba. Huo ukilowekwa usiku mmoja kwenye maji ya kuoshea, asubuhi kifuu kina ufa kutoka tunduni hadi ukingoni. Upawa sawa ni ule ambao ukiusukuma mpini kwa dole gumba hausogei, lakini kwenye tundu bado unaweza kuona uzi mwembamba wa mwanga upande mmoja. Na kati ya tundu na ukingo wa kifuu kuwe na nyama isiyopungua sentimita moja.

Jaribio la dukani halichukui dakika moja. Kiinue kifuu kwenye mwanga utazame kama kuna nyufa za unywele kuzunguka matundu. Kigonge kwa ukucha: kizima hulia kikavu, chenye ufa hulia kama kimeshikwa. Pitisha kidole ndani ya tundu. Likikuchoma, lina vipande vilivyobaki ambavyo vitaishia kwenye mchuzi wa mtu. Mwisho kinuse. Kifuu kisicho na kitu kina harufu kidogo ya mti, au hakina kabisa. Kinachonuka rangi kimepigwa vanishi, na vanishi nyingi za samani hazikutengenezwa kukaa ndani ya chakula cha moto. Ukitaka kujaribu zaidi, sugua sehemu ndogo kwa kipande cha limao na kitambaa cha maji ya moto. Mng'aro wa msasa na mafuta utafifia kidogo kisha utarudi ukipakwa mafuta. Mng'aro wa vanishi duni unaweza kubanduka kama ngozi.

Je, kuna faida gani juu ya upawa wa chuma? Zipo, na ni za kweli. Kifuu hakipitishi joto upesi, kwa hiyo mpini haukuunguzi. Hakikwaruzi chungu cha udongo wala sufuria isiyoshika chakula. Hakibadilishi ladha ya mchuzi wa ukwaju au wa ndimu. Lakini hakifai kuachwa ndani ya chungu kikichemka, hakifai mashine ya kuoshea vyombo, na hakifai maikrowevu. Anayetaka chombo cha kutupia kwenye beseni na kukisahau anunue chuma, atafurahi zaidi.

Kata ni chombo ambacho tunakitetea bila kusita. Hutengenezwa kwa kifuu karibu kizima, kilichokatwa juu tu, na mpini mrefu unaopenya ukuta mmoja huku ncha yake ikishikwa na ukuta wa pili. Matundu ni mawili yanayotazamana, juu ya usawa wa maji. Hapo ndipo pa kutazama: tundu la mpini likiwa chini, kata haijai, kwa sababu maji hutoka kabla hujaifikisha mdomoni mwa kikombe. Katika kata nzuri sehemu ya juu ya tundu iko kama sentimita moja na nusu tu chini ya ukingo, na mpini umeinama kidogo ili ukiutundika kwenye mdomo wa mtungi, kifuu kining'inie wima na kukauka.

Kinachoipa kata thamani ni urefu wa mpini. Mkono haugusi maji ya kunywa. Kikombe kisicho na mpini mrefu kila mara huingia na vidole, na kopo la bati hupasua ukingo wa mtungi kidogo kidogo. Kata iliyotengenezwa kwa nusu yenye macho usiichukue hata ukipewa bure. Hata jicho gumu hushika nyuzi za usumba ndani yake, na nyuzi hizo huwa nyumba ya utelezi wa kijani. Ukiosha, sugua pale mpini unapokutana na kifuu kwa njiti mpya ya ufagio wa chelewa, brashi haifiki.

Upawa wa matundu ndio wenye maneno mengi. Wazo ni zuri: kuopoa mihogo, viazi, maboga, tambi au mayai kwenye maji ya moto, na kuondoa povu la maharage yanapoanza kuchemka. Vingi vinavyouzwa kama zawadi vimetobolewa kwa ajili ya macho ya mnunuzi, si kwa ajili ya maji. Matundu yamepangwa kama ua au nyota, yamekaribiana katikati na kuachana pembeni, mengine yakiwa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Matundu yaliyo kwenye mstari mmoja yanafanya kazi ile ile ya vitundu vya stempu za posta: yanaonyesha mahali pa kuchanika. Kiazi kimoja kizito, pigo moja kwenye ukingo wa sufuria, na upawa unagawanyika mara mbili juu ya mstari huo.

Mpangilio unaofaa ni wa sega la nyuki. Kwa kifuu chenye upana wa milimita 95: tundu moja katikati, matundu 6 kulizunguka, kisha 12, kisha 18, jumla 37, kila tundu la milimita 4, na umbali wa milimita 11 kutoka kitovu cha tundu hadi kitovu cha jirani yake. Kwa vipimo hivyo kila tundu linabaki na nyama ya milimita 7 hadi jirani, na pembeni unabaki ukingo mzima wa zaidi ya sentimita moja. Ukikutana na upawa wenye matundu 19 tu ya ukubwa huo, bado unafaa ila hukawia kuchuja. Matundu ya milimita 2 ni kazi bure: maji hushikilia kwenye tundu dogo hivyo hata ukiinua upawa, na wanga wa viazi huyaziba siku ya kwanza. Ya milimita 6 na zaidi hupitisha maharage madogo na choroko.

Kwa tui, usidanganyike na jina la kichujio. Chicha hupita kwenye tundu la milimita 4 bila kusita, na hata kwenye la milimita 2 nusu yake hupita. Tui lina vyombo vyake, kifumbu au kung'uto, na leo chujio la waya. Kifuu hakijawahi kuwa mshindani wao.

Na kwa mafuta ya kukaangia tunasema hapana. Mafuta ya kaimati na bhajia huwa kwenye nyuzi 170 hadi 180. Kifuu hakitawaka kwa kuzamishwa sekunde chache, lakini kuta za matundu 37 ni ukingo mbichi ambao haukusuguliwa, na hunywa mafuta. Baada ya mwezi yameoza ndani na hakuna sabuni inayoyafikia. Kaimati ziopolewe kwa kijiko cha chuma chenye matundu.

Anayetaka kutoboa mwenyewe, au anayetaka kujua kwa nini upawa mmoja ni ghali kuliko mwingine, kazi ni hii. Kifuu kikavu hukwanguliwa usumba wote, kisha husuguliwa kwa msasa namba 80, 120 na 240. Matundu huwekewa alama, na kila alama hupigwa kidonda kidogo kwa ncha ya msumari ili keke, yaani chombo cha kutobolea, isiteleze. Mgongo wa kifuu ni duara na keke huteleza kila mara. Ndani ya kifuu huwekwa kipande cha mti kilichochongwa kufuata umbo lake, kikae kimegusana na kifuu. Bila kipande hicho, keke inapotokea upande wa pili hubandua kigamba cha kifuu, na tundu lenye kigamba kilichobanduka ndilo ufa wa kesho. Toboa kutoka nje kwa ncha ya milimita 2 kwanza, halafu 4, kwa mwendo wa polepole. Ukiona moshi, umekwenda mbio. Vaa barakoa, kwani vumbi la kifuu ni laini na hukaa kifuani. Mwisho chukua ncha ya milimita 8 uizungushe kwa mkono, mara mbili tatu, kwenye mdomo wa kila tundu, nje na ndani, ukali wa ukingo uondoke.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayotofautisha upawa wa kudumu na wa msimu. Ukitembea ufukweni maji yakiwa yamekupwa utaona kombe zenye tundu moja la mviringo safi, karibu na bawaba. Hilo ni la konokono wa jamii ya Naticidae, anayewinda akiwa ndani ya mchanga. Hulainisha ganda kwa majimaji yenye asidi na kulikwangua kwa ulimi wenye meno. Tundu lake ni pana nje na jembamba ndani, kama mdomo wa faneli. Wale wa jamii ya Muricidae huacha tundu lililonyooka kama la keke. Ziokote kombe mbili, moja ya kila namna, upitishe uzi wake kwenye kila moja na kuuvuta mbele na nyuma mara hamsini. Ule wa tundu lililonyooka huanza kutoa manyoya.

Ndiyo sababu shanga na mikufu ya kauri na kombe hukatika kirahisi. Tatizo si uzi, ni tundu lisilolainishwa mdomo. Mkufu unaonunua ushike uzi karibu na tundu na kuuzungusha. Ukihisi unakwama, hautamaliza mwaka. Makombe makubwa ni suala jingine: kombe za jamii ya Tridacna, zile kubwa zenye kingo za mawimbi, zimo kwenye Kiambatisho II cha mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na bila kibali zinaweza kuzuiwa uwanja wa ndege. Vifungo vya nguo vya kifuu ni vizuri na imara, mradi matundu yake yawe na mdomo laini na uvitoe kabla ya kupiga nguo pasi ya moto sana.

Matunzo. Siku ya kwanza osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha kivulini siku nzima, paka mafuta ya nazi kidogo na uyafute yote baada ya saa moja. Mafuta ya nazi hayakauki yakawa utando kama ya kitani, kwa hiyo kinachobaki ndani ya matundu hubaki mafuta, na huchacha. Kwa walio Ulaya na Amerika Kaskazini, yakipata baridi chini ya nyuzi 24 huganda mle mle kwenye matundu; yapashe moto kabla ya kupaka, kisha pitisha kitambaa kilichosokotwa kwenye kila tundu. Usitumie mafuta ya kitani ya mafundi rangi, maana huwa na dawa za kukaushia. Manjano yataacha rangi, na hiyo si kasoro. Ukungu mweusi kwenye tundu huondolewa kwa chumvi na limao, dakika kumi, kisha jua la asubuhi. Jua la mchana kutwa hupasua.

Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kifuu ufa hauzibwi, hutobolewa. Tafuta ncha yake kwa kupaka manjano yaliyokorogwa na maji na kufuta: mstari wa njano utabaki ndani ya ufa na kukuonyesha unapoishia. Toboa hapo tundu la milimita 2, sawasawa kwenye ncha ya mstari, na ulainishe mdomo. Ufa ukifika kwenye tundu la duara hukosa pa kushika na husimama. Upawa wa matundu uliotibiwa hivyo hurudi kazini kama kawaida, kwani tundu moja zaidi halina hasara kwake. Upawa wa mchuzi utavuja tone tone, uhamishie kwenye unga na choroko. Kata iliyopasuka chini ya usawa wa maji haina tiba. Toa mpini, uhifadhi, na utafute kifuu kingine cha kuuvisha.